Chipu ya PDMS kwa E. coli: viputo vya hewa vinaharibu jaribio, fokasi inaruka, vijumba vingi vitupu

SeliMoja aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaotumia chipu za mifereji midogo kufuatilia bakteria mmoja mmoja.

Chipu ni ya PDMS (mpira wa silikoni), ya aina ya "mashine mama": mfereji mkuu una upana wa µm 100, kimo µm 25 na urefu mm 20. Pembeni kuna vijumba vyenye upana na kimo cha µm 1.2 na urefu wa µm 25, vimezibwa upande mmoja. Bakteria ni E. coli K-12, midia (kioevu cha kuwalisha) ni M9, yaani ya chumvi za msingi tu, yenye glukosi, nyuzi 37. Lenzi ni ya mafuta ya 100×, picha kila dakika 2, na mtiririko ni ml 1 kwa saa kwa pampu ya sirinji yenye sirinji ya ml 20. PDMS ni 10:1 (msingi kwa kigumishi), imeokwa nyuzi 65 kwa saa 4. Plazma ya hewa (gesi yenye chaji za umeme, ya kuamsha uso ushike kioo) dakika 2 kwa nguvu yote, kisha chipu inabandikwa kwenye kioo chembamba cha mm 0.17.

Matatizo ni haya:
1. Baada ya saa kadhaa, viputo vinaingia kutoka upande wa kuingizia midia na kusomba seli.
2. Kila kiputo kikipita, fokasi ya kujirekebisha inaruka na hairudi mahali pake.
3. Kona moja ya chipu huachia kioo mara kwa mara.
4. Hata mambo yakienda vizuri, vijumba vyenye seli havizidi kimoja kwa kumi.

Nianzie wapi?

---

MkondoMdogo alijibu:

Anzia kwenye hewa, maana namba 1 na namba 2 ni tatizo moja.

Kwanza tazama kiputo kinazaliwa wapi. Kikitokea katikati ya mfereji, shuku PDMS yenyewe au ujazaji mbaya wa mwanzo. Kikitokea karibu na mwisho, huenda ni gesi inayoachiliwa kwa sababu presha imeshuka. Wewe unasema vinaingia kutoka mwanzo wa mfereji, kwa hiyo vimetengenezwa kabla ya chipu: kwenye sirinji, kwenye bomba, au kwenye tundu la kuingilia.

Midia unaiweka wapi kabla ya kuitumia? Kama inatoka kwenye friji, hapo ndipo pa kuangalia. Maji ya nyuzi 4 yaliyokaa kwenye hewa hubeba oksijeni kama mg 13 kwa lita, ya nyuzi 20 kama mg 9, na ya nyuzi 37 hayawezi kushika zaidi ya mg 6.7 hivi. Naitrojeni nayo hufuata mwelekeo huohuo. Midia baridi ikiingia kwenye kisanduku cha joto cha hadubini, karibu nusu ya gesi hiyo inakuwa haina pa kukaa. Inajikusanya kwenye ukuta wa bomba, kiputo kinakua taratibu, kisha kinang'oka na kusafiri hadi kwenye seli zako. Ndiyo maana huoni kitu saa ya kwanza.

Dawa yake: iache midia kwenye nyuzi 37 usiku kucha, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Ikishindikana, iweke kwenye chombo cha ombwe juu ya kikorogeo cha sumaku kwa dakika 20 hadi 30, ikiwa bado ya moto. Ombwe bila kukoroga halifanyi kazi ya maana, gesi hutoka safu ya juu tu. Usiogope kwamba bakteria watakosa oksijeni, kwa sababu PDMS hupitisha gesi vizuri na hewa ya nje itawafikia. Baada ya hapo chuja kwa filta ya µm 0.22 na ujaze sirinji polepole, ncha ikiwa chini ya uso wa midia. Sirinji nayo iwe ndani ya kisanduku cha joto, au angalau sehemu ndefu ya bomba ipite humo na kuwe na mtego wa viputo kabla ya chipu.

Bomba ni la aina gani? Kama ni silikoni, litupe. Silikoni hupitisha gesi na mvuke kupitia ukuta wake, hivyo hewa huingia na maji hutoka bila tundu lolote kuonekana. Tygon (plastiki laini) ni bora kidogo, na PTFE au FEP (plastiki za jamii ya Teflon) ni bora kuliko zote mbili ingawa ni ngumu kupinda.

Kuhusu ujazaji wa kwanza: jaza mfereji, ziba tundu la kutokea kwa kipini, kisha sukuma midia kwa presha ya mbar 200 hadi 300 kwa dakika 10 hadi 20. Hewa iliyonaswa kwenye vijumba itapenya kwenye PDMS na kuondoka, utaona mipaka ya viputo ikisinyaa hadi kupotea. Njia nyingine ni kuiweka chipu kavu kwenye ombwe kwa nusu saa, halafu uweke tone la midia kwenye tundu ndani ya dakika chache baada ya kuitoa. PDMS iliyonyimwa hewa huivuta midia yenyewe. Ukichelewa, inajaza hewa upya na faida imekwisha.

Tween 20 (aina ya sabuni) ya 0.01% kwenye midia hupunguza kushikamana kwa viputo na seli kwenye kuta. Isizidi hapo bila kulinganisha kwanza kasi ya ukuaji kwenye chupa za kawaida.

---

FundiChipu alijibu:

Nachukua namba 3.

Dakika 2 kwa nguvu yote ni nyingi mno. Watu hudhani plazma ikizidi gundi inakaza, kumbe ni kinyume. Plazma hugeuza uso wa PDMS kuwa na vikundi vya silanoli, na hivyo ndivyo vinavyoungana na kioo. Ukiendelea kuchoma, uso unakuwa tabaka gumu linalofanana na kioo, lenye nyufa ndogo ndogo, na kupitia nyufa hizo molekuli fupi za silikoni ambazo hazikuungana hupanda juu na kufunika kila kitu. Mshiko unadhoofika.

Nusu saa ya kazi inatosha kujua muda sahihi wa mashine yako. Kata vipande vya PDMS vya ukubwa wa kucha, vipitishe kwenye plazma kwa sekunde 15, 30, 45, 60 na 90, vibandike kwenye vioo, oka nyuzi 80 kwa dakika 30, kisha jaribu kuvibandua kwa koleo. Kipande kilichoshika kweli hakibanduki: PDMS inachanika na mabaki yanabaki kwenye kioo. Kikibanduka kizima, muda huo haufai. Kwenye mashine nyingi ndogo jibu huangukia kati ya sekunde 30 na 60, ila usichukue namba ya mtu mwingine, kwa sababu presha ya chumba cha plazma hubadilisha kila kitu. Kwa plazma ya hewa mwanga uwe wa waridi-zambarau unaong'aa. Ukiwa hafifu au unacheza, presha haijakaa sawa.

Baada ya kutoa, bandika papo hapo. Uso wa PDMS huanza kurudia tabia yake ya kukataa maji ndani ya dakika chache na baada ya saa kadhaa umeshapotea. Ukiwa na sababu ya kuchelewa, uhifadhi chini ya maji.

Kona moja tu kuachia, tena mara kwa mara, hunifanya nitazame ukingo wa kipande. PDMS ikimwagwa kwenye kalibu hupanda kidogo ukutani, na ukikata karibu na ukuta unabaki na ukingo ulioinuka ambao haugusi kioo. Kata ndani zaidi, mm 3 hadi 5 kutoka ukutani. Sababu ya pili ni vumbi: pitisha selotepu juu ya uso wenye mifereji na uibandue, mara mbili au tatu. Kama unasafisha kwa isopropanoli, kumbuka PDMS huinywa. Ikaushe kwenye oveni dakika 15 au zaidi kabla ya plazma, la sivyo pombe hutoka ndani ya chumba cha ombwe na kuharibu plazma.

Mengine madogo: pima 10:1 kwa uzito, si kwa ujazo. Vaa glavu za nitrili, kwa maana salfa ya glavu za mpira wa kawaida huua kichocheo cha platini na PDMS inabaki na utelezi usioisha. Kipande kiwe na unene wa mm 4 hadi 5 ili bomba lishikwe vizuri.

Na matundu! Yanapuuzwa sana. Toboa kutoka upande wenye mifereji kwenda nje, kwa punchi kali ya mm 0.75 ikiwa bomba lako lina kipenyo cha nje cha kama mm 1.07. Hakikisha kijiti cha PDMS kilichokatwa kimetoka kizima. Punchi butu haikati, inachana, na mipasuko ile ndiyo hifadhi ya hewa inayokutolea kiputo kimoja kimoja siku nzima. Baada ya kutoboa kagua kila tundu kwa hadubini ndogo. Tundu lenye mpasuko, tupa chipu. Usihangaike kuliziba kwa gundi.

---

JichoLaLenzi alijibu:

Fokasi hairuki kwa bahati mbaya. Mfumo wako hutuma mwanga wa infraredi na kutafuta mwangwi wake kutoka uso wa juu wa kioo chembamba. Nguvu ya mwangwi hutegemea kilicho juu ya kioo hicho. Kioo kina fahirisi ya kupinda mwanga ya 1.52, maji 1.33, PDMS 1.41 na hewa 1. Piga hesabu: kioo kwa maji hurudisha kama 0.44% ya mwanga, kioo kwa PDMS kama 0.14%, na kioo kwa hewa zaidi ya 4%. Kiputo kikipita juu ya eneo linalosomwa, mwangwi unaongezeka takriban mara kumi na mfumo unakamata kitu kingine kabisa.

Jambo la pili watu wengi hawalijui: hata bila kiputo, ukihama kutoka mahali penye PDMS kwenda juu ya mfereji wenye maji, mwangwi unabadilika mara tatu. Panga nafasi zote za picha ziwe na uwiano uleule wa mfereji na PDMS, mfano zote zianze kwenye mstari wa midomo ya vijumba. Kwenye programu, punguza masafa ya kutafuta hadi µm 2 au 3 juu na chini, na uamuru mfumo ubaki ulipokuwa ukipoteza mwangwi, badala ya kuutafuta upya. Kosa la picha moja ni afadhali kuliko kupoteza mfululizo mzima.

Mengine ni joto. Lenzi ya mafuta imegusana na kioo, kwa hiyo inanyonya joto. Washa kisanduku saa kadhaa kabla, chipu na lenzi vikiwa mahali pake na mafuta yamewekwa. Bomba lifungwe kwenye meza ya hadubini kwa selotepu cm chache kabla ya chipu, likiachiwa ulegevu. Bomba gumu lililovutwa linasukuma chipu kila meza inapohama, na hilo halitibiwi na mfumo wowote wa fokasi kwa sababu ni mwendo wa pembeni.

---

SeliMoja:

Asanteni sana wakuu. Midia inatoka friji na sirinji iko nje ya kisanduku. Bomba ni silikoni. Kwa hiyo nimejipatia jibu la namba 1.

Bado namba 4. Seli ninazoingiza ziko katika awamu ya kukua haraka, OD600 (kipimo cha ukungu wa kioevu, kinachoonyesha wingi wa seli) karibu 1, naziacha dakika 30 mfereji ukiwa umetulia. Na pia: nifikirie kuhamia kwenye presha badala ya pampu ya sirinji? Baadaye nataka kubadili midia ghafla na kuingiza dawa.

---

MkondoMdogo:

Kwa kujaza vijumba, awamu ya kukua haraka ndiyo isiyofaa. Seli zinazokua haraka ni ndefu na nene. Tumia zilizokaa usiku kucha, ni fupi na nyembamba. Hatua zangu:

Kwanza lainisha kuta: jaza chipu kwa BSA (protini ya damu ya ng'ombe) ya mg 10 kwa ml iliyochujwa, iache nusu saa. Wakati huohuo chukua ml kadhaa za bakteria wa usiku, zungusha kwenye sentrifuji kwa 4000 g (mara 4000 ya mvutano wa dunia) dakika 5, kisha yeyusha mashapo kwenye ujazo mdogo sana wa midia yenye BSA kidogo, mpaka OD ifike 50 au zaidi. Uwe uji mzito, bila mabonge. OD ya 1 ina seli chache mno kwa kazi hii. Ingiza, ziba matundu yote mawili, kisha funga chipu kwenye kishikio na uizungushe kwa g mia chache kwa dakika 5 hadi 10, midomo ya vijumba ikielekea katikati ya mzunguko na miisho iliyozibwa ikielekea nje. Ukielekeza kinyume, unavimwaga. Tazama kwa hadubini, na kama bado vitupu vingi, geuza chipu kuzungusha upande wa pili.

Sasa upana wa vijumba. E. coli kwenye M9 yenye glukosi ana upana wa kama µm 0.8 hadi 0.9, na kwenye midia nono kama LB hunenepa kupita µm 1. Vijumba vyako vya 1.2 vitawapwaya kwenye M9, na seli zitaponyoka hata ukijaza vizuri. Aidha ongeza asidi za amino kwenye midia, aidha tengeneza kalibu yenye upana wa µm 1. Ningechagua kalibu, kwa sababu kubadili midia ni kubadili jaribio.

Aina ya bakteria iwe isiyoogelea, yaani iliyoondolewa fliC au motA (jeni za mkia wa kuogelea na mota yake). Wanaoogelea hutoka vijumbani, na baya zaidi hupanda dhidi ya mkondo hadi kwenye bomba la kuingizia na kuota utando humo. Baada ya kupakia, bomba lililobeba bakteria lisitumike tena kwa midia. Weka jipya. Data ya saa 2 au 3 za kwanza usiihesabu, seli bado zinaamka.

---

Presha_na_Mkondo alijibu:

Kabla ya kuchagua kati ya sirinji na presha, tazama namba za chipu yako. Kwa mfereji wa mstatili ulio mpana kuliko kimo chake, upinzani ni takriban 12µL ÷ [wh³(1 − 0.63h/w)], ambapo µ ni mnato wa midia, L urefu, w upana na h kimo. Kwa vipimo vyako na mnato wa mPa·s 0.7 kwenye nyuzi 37, ml 1 kwa saa inahitaji kama mbar 355. Hiyo inabebeka. Lakini mtu akikuambia "suuza mfereji kwa ml 4 kwa saa", hiyo ni bar 1.4, na kwa kona inayoachia umeshapata jibu kwa nini inaachia. Kimo kinaingia kwa kipeo cha tatu (h³): chipu ya kimo cha µm 12.5 ingetaka presha zaidi ya mara saba kwa mtiririko uleule. Ukifanya kalibu mpya kwa ajili ya vijumba, usiuguse mfereji mkuu bila kupiga hesabu hii.

Sirinji ya ml 20 kwa ml 1 kwa saa hudumu saa 20. Jaribio la siku nzima litahitaji kubadili sirinji, na kila unapobadili unaalika kiputo. Pia kipenyo kikubwa humaanisha pistoni inakwenda karibu µm 1 kwa sekunde, polepole kiasi kwamba hatua za mota huonekana kama mapigo kwenye mkondo. Kwa hiyo ndiyo, hamia kwenye presha na chupa kubwa.

---

FundiChipu:

Naomba nipinge kidogo hapo. Chupa iliyobanwa kwa hewa ya mbar 400 inayeyusha gesi zaidi kwenye midia, hadi karibu 40% juu ya kawaida ikikaa muda mrefu, na gesi hiyo itajitoa presha inaposhuka karibu na mwisho wa mfereji. Unahamisha viputo kutoka mlango wa mbele kwenda wa nyuma.

---

Presha_na_Mkondo:

Ni kweli, ila kwa masharti. Midia isipokorogwa, gesi hupenya kwa mtawanyiko tu, na mtawanyiko ndani ya kioevu ni wa polepole mno: cm chache huchukua siku. Bomba la kuvutia lifike chini kabisa ya chupa, chupa iwe ndefu na nyembamba, isitikiswe, wala isiwekwe karibu na feni. Ukiwa bado na wasiwasi, weka bomba jembamba la kutokea liongeze upinzani baada ya chipu, ili sehemu kubwa ya kushuka kwa presha ifanyike humo. Kuinua tu chupa ya taka hakutoshi, kwani cm 10 za maji ni mbar 10 hivi.

Kuhusu kubadili midia ghafla: bomba lenye kipenyo cha ndani cha mm 0.51 hubeba kama µl 61 kwa kila cm 30. Kwa ml 1 kwa saa, hizo ni karibu dakika 4 za kungoja, na mpaka kati ya midia mbili unafifia njiani. Weka vali karibu na chipu kadiri inavyowezekana, au tengeneza chipu yenye milango miwili inayokutana mm chache kabla ya vijumba na ubadili presha kati yake.

Dawa ni suala jingine. PDMS hunyonya molekuli ndogo zisizopenda maji, kwa namna ileile inavyonyonya rangi ya Nile Red, hivyo kiwango kinachofika kwenye seli kinaweza kuwa chini ya ulichopima, na ukiisha kusuuza dawa itaendelea kuvuja kutoka ukutani. Kuosha PDMS kwa pentani kisha ethanoli kabla ya kubandika huondoa molekuli ambazo hazikuungana, lakini hakuizuii kunyonya. Kusanya kioevu kinachotoka kwenye chipu na ujaribu nguvu yake dhidi ya bakteria kwenye sahani ya visima 96, sambamba na dawa mbichi ya kiwango kilekile. Na usitumie fluoresini pekee kuthibitisha kwamba dawa imefika: hiyo inapenda maji, haiingii sana kwenye PDMS, kwa hiyo inakuonyesha muda wa mkondo kubadilika, si muda wa dawa yako.

---

SeliMoja:

Kwa dawa inayonyonywa sana, kuongeza kasi ya mtiririko kunasaidia?

---

Presha_na_Mkondo:

Kwenye mfereji mkuu, ndiyo, kwa kuwa dawa mpya inafika haraka kuliko ukuta unavyoinyonya. Kwenye vijumba, kidogo sana. Humo mkondo haufiki, dawa inaingia kwa mtawanyiko huku imezungukwa na PDMS pande tatu, na seli ya mwisho kabisa ndiyo inayopata pungufu. Pitisha dawa kwenye chipu tupu saa kadhaa kabla ya jaribio ili kuta zishibe, au tengeneza vijumba vifupi, µm 15 badala ya 25. Ila kushibisha kuta kunafaa tu kama hupangi kuiondoa dawa baadaye katika jaribio hilohilo.